Lenzi ya mjomba haina otofokasi, nimejifunza kupima kwa mikono

Kuna watu kama watatu hivi wameniuliza inboksi zile picha za baiskeli na za wavuvi ninazopiga nikienda Tanga natumia lenzi gani, mmoja akaapa kabisa lazima ni ya milioni mbili na kitu. Nikacheka mwenyewe kwenye daladala. Ile lenzi imenizidi umri, haina waya wala chembe ya umeme ndani yake, kwa hiyo haina otofokasi, ile ya kamera kujitafutia fokasi yenyewe, yani kitu gani kiwe shapu, unazungusha kwa mkono, na nimeipata bure, ilikuwa kabatini kwa mjomba imekaa na kaunda suti zake na naftalini. Sa nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa, ila nawaonya mapema, mi nikianza kuongelea hii habari siachi.

Mjomba wangu ni wale vijana waliopelekwa Moscow miaka ya sabini, chuo kile cha Lumumba, akasoma uinjinia akarudi na cheti, makoti mawili mazito ambayo Tanga hayana kazi yoyote, na kamera. Kamera yenyewe Zenit-E, bonge la chuma, ukiidondosha unaihurumia sakafu, mita yake ya mwanga haitumii hata betri. Na mbele yake ndo kuna hii lenzi, Helios 44-2, milimita 58, f/2, yani tundu lake la mwanga linafunguka wazi sana. Namba yake inaanza na 79, na kwa lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka iliotengenezwa, nilivomwambia mjomba akakaa kimya kidogo afu akasema kweli, aliinunua kwenye ile baridi ya kuamkia themanini, akala viazi mwezi mzima.

Kwa asiyeijua, Helios sio lenzi adimu hata kidogo. Ramani yake imetoka kwa Wajerumani, kuna lenzi inaitwa Biotar ya Carl Zeiss Jena ya kabla ya Vita vya Pili, vita vilivoisha Warusi wakaichukua ile ramani wakaanza kutoa za kwao pale Krasnogorsk karibu na Moscow, na wakazitoa kwa mamilioni kwa miaka mingi mno. Ndo maana mpaka leo bei yake ni ya chini ukilinganisha na inachofanya. Watu wanaipenda kwa sababu ya ule ukungu wa nyuma unaozunguka kama maji yakiwa yanaingia kwenye tundu la sinki, majani ya mwembe nyuma ya mtu yanakuwa kama yanacheza ngoma. Mi kiukweli hiyo sio iliyonishika, na kwenye kamera za sensa ndogo kama zetu (sensa ndo inapokea picha badala ya filamu) huo mzunguko wenyewe hauonekani sana maana sensa inakata pembeni ambako ndo mambo yanatokea. Kilichonishika ni kingine, ntafika.

Kwanza habari ya kuifunga maana hapo watu wengi wanapoteza hela. Lenzi hii inafungwa kwa nati, unaizungusha kama mfuniko wa chupa, hiyo mounti inaitwa M42. Kila mfumo wa kamera una umbali wake kutoka kitako cha lenzi mpaka kwenye filamu au sensa, M42 ni milimita 45.46. Canon za DSLR, hizi zenye kioo cha kupinduka ndani, ni 44, yani zimebaki milimita moja na nusu kasoro za kuweka adapta, kile kipete cha kuunganishia, inaingia sawasawa na unapata fokasi mpaka mwisho wa upeo. Nikon za DSLR ni 46.5, tayari imeshapita, kwa hiyo ukiweka adapta ya kawaida lenzi itaona vitu vya karibu tu, mnazi ulio mbali hauupati milele, labda ununue adapta yenye kioo ndani na hicho kioo cha bei rahisi kinaharibu picha yote. Sa kuna jamaa wa Nikon kanunua Helios mtandaoni kwa mbwembwe afu ananiuliza mbona kila kitu cha mbali kina ukungu, nikamwambia pole bro, sio lenzi, ni milimita moja tu na kidogo inakutesa. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kupinduka, hizi mirales, zenyewe hazina shida maana umbali wake ni mfupi, Sony ni 18 tu, Fuji 17.7, kwa hiyo kuna nafasi ya adapta nene ya karibu lenzi yoyote ya zamani.

Mi nilianza na Canon 700D ya kununua mkononi, adapta nikaipata kwa elfu 25. Kamera ikaandika apacha (ukubwa wa tundu la mwanga) 00, nikadhani imekufa, kumbe ndo inavosema sioni lenzi yoyote hapa. Inapiga vizuri tu, ukiweka kwenye Av, ile modi ya we kuchagua apacha na kamera kuchagua kasi, inapima mwanga yenyewe.

Afu nikaanza kupiga. Wiki mbili za kwanza, jamani. Picha mia moja, shapu labda saba. Nikiangalia kwenye kioo cha kuchungulia naona iko poa, nikifika nyumbani kwenye laptopu naona sikio shapu jicho ukungu, au ukuta wa nyuma shapu mtu ukungu. Nikasema hii lenzi mbovu, Mrusi katupiga. Nikaja kugundua vitu viwili. Cha kwanza ni aibu, kale kagurudumu kadogo pembeni ya kioo cha kuchungulia ka kurekebishia macho, mwenye kamera wa kwanza alikaweka kwa macho yake anayoyajua yeye, mi natumia miwani, kwa hiyo muda wote huo nilikuwa nachungulia dunia kwa macho ya mtu mwingine. Kazungusheni leo hata kama mnatumia otofokasi, angalia yale maandishi ya ndani mpaka yakae shapu, basi. Cha pili ni kwamba vioo vya DSLR za sasa havikutengenezwa kwa ajili ya kufokasi kwa jicho. Kamera za zamani nyingi za Kijapani zilikuwa na kale kaduara katikati picha imekatwa nusu mbili, zikikutana ndo fokasi, lakini tangu Minolta walipotoa ile 7000 mwaka 1985 na kila mtu akakimbilia otofokasi, viwanda vikaweka vioo vya kung'aa tu, vinaonyesha kila kitu kama kiko shapu kumbe uongo. Dawa yake kwenye DSLR ni kuwasha skrini ya nyuma na kukuza mara kumi kwenye jicho la mtu. Inafanya kazi, ila uwe na mtu mvumilivu, na jua la saa sita Dar huoni chochote kwenye hiyo skrini.

Sa si nikaibeba kwenye sendofu. Sijui nani alinituma. Nilikuwa msaidizi tu, jamaa yangu ndo mpiga picha mkuu, mi nikasema ntapiga za ziada kwa Helios zitoke kisanii. Nilipiga kama mia mbili. Hereni ya bi harusi ilitoka shapu ajabu, unahesabu mpaka vijiwe. Bega la mama yake, shapu. MC, shati lake vifungo vyote. Uso wa bi harusi mwenyewe nadhani nilipata minne. Jamaa yangu hakusema kitu, alinitazama tu, nikaenda kukaa na watu wa mziki.

Kilichofuata ndo nilichotaka kusema tangu mwanzo. Nikaenda Tanga Idd, nikamwonyesha mjomba zile picha kwenye simu, shikamoo marahaba, tukakaa barazani, nikamwambia mjomba hii lenzi yako inanidhalilisha mjini. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, akaisogeza simu mpaka puani. Akaniuliza, "We ulikuwa umbali gani na huyo bibi harusi?" Nikasema sijui, karibu. "Karibu ndo ngapi?" Nikasema labda mita mbili. Akainuka, akasimama mbele yangu akaniuliza, "Hapa nilipo, mi na we ni ngapi?" Nikasema mita mbili, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayesulubiwa, kidole cha mkono wa kulia kikagusa nguzo ya baraza nilipoegemea na cha kushoto kikabaki hewani. Haikufika hata pima moja, ule urefu wa mikono yote miwili ikinyooshwa. Ilikuwa nusu yake tu, yani mita moja, labda kasoro kidogo. Akacheka yule mzee, akaniambia, "Mpwa wangu, hiyo lenzi imeandikwa mita kwa ajili ya Mrusi. We una mikono."

Babu yetu alikuwa mvuvi, na wavuvi mpaka leo ukimuuliza maji hapa kina gani hakwambii mita, anakwambia pima nane, pima kumi na mbili, maana anavuta kamba huku anaipima kwa mikono iliyonyooshwa. Pima moja ni mikono minne, mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mkono mmoja ni shibiri mbili. Hesabu za kununulia kanga na kamba. Mjomba akaenda nazo mpaka Moscow. Anasema kile kioo cha Zenit kilikuwa kina giza, jioni huoni kitu, na kule baridi jioni inaingia saa kumi tu, kwa hiyo alikuwa hachungulii kutafuta fokasi, anakadiria kwa jicho, anazungusha ringi ya fokasi mpaka kwenye namba, ndo anachungulia ili apange picha tu.

Nilivorudi Dar nikakaa na karatasi nikatafsiri lenzi nzima. Mkono mmoja ni kama nusu mita, na nusu mita ndo mwisho wa Helios kusogea karibu, yani mwisho wake wa karibu ni kama mkono mmoja, nikaona hapa kuna mtu alikuwa anatuwaza. Wari ni karibu sentimita 90. Pima ni mita 1.8 hivi. Na nikapiga hesabu ya kina cha fokasi, yani unene wa sehemu inayokaa shapu, kwa sensa ya kropu, hii ndogo, apacha ikiwa wazi f/2, hapo ndo nikaelewa kwa nini hereni ilitoka shapu na jicho halikutoka. Kwenye mkono mmoja una nusu sentimita tu, kope shapu mboni ukungu. Kwenye wari moja una sentimita mbili kasoro. Kwenye pima moja una saba na nusu, hapo uso unaingia kama mtu hajageuka sana. Kwenye pima mbili una kama sentimita thelathini, shibiri moja na kidogo, hapo hata we mwenyewe ukiyumba kidogo picha inakusamehe. Mi kwenye sendofu nilikuwa nimesimama kwenye wari na apacha wazi, bi harusi anacheza, na mi napumua. Ndo maana.

Sasa hivi nafanya zoezi, mtanicheka, niko kituoni nasubiri gari nakadiria, yule dada mwenye mwavuli pima mbili, ile nguzo pima tatu na mkono, afu naenda kwa hatua kuhakikisha. Kuna siku konda akaniuliza bro umepoteza hela? Lakini baada ya mwezi hivi mkono wa kushoto ukaanza kuzungusha ringi kabla sijainua kamera, nikiifikisha jichoni kazi iliyobaki ni kurekebisha kidogo tu. Na kurekebisha kwenyewe kuna namna, unaipitisha kidogo fokasi mpaka ianze kuharibika afu unairudisha, usiende mbele na nyuma mara kumi kama unatafuta stesheni ya redio. Ukiwa karibu sana achana na ringi kabisa, iweke kwenye namba afu yumba mwili wako mbele taratibu, ikishika piga mbili tatu mfululizo, moja itakaa.

Na hii Helios 44-2 ina kitu kinachochanganya watu, ina ringi mbili za apacha. Moja ina vituo, nyingine inateleza tu haina vituo. Sio mbovu. Unachagua mwisho wako kwenye ile ya vituo tuseme f/5.6, afu hii inayoteleza unaifungua mpaka f/2 ili uone vizuri na kufokasi pale kina kilipo kidogo kabisa, ukimaliza unaifunga bila kutoa jicho, itagonga mwisho pale pale kwenye 5.6 uliyochagua. Ndo akili ya miaka hiyo, na kidole kinazoea baada ya siku mbili.

Haya baiskeli. Mtu aliyefika Tanga anajua baiskeli za kule sio mchezo, Ngamiani barabara zimenyooka zina namba tu kama hesabu, na asubuhi zimejaa baiskeli, mtu kabeba mwenzie, mtu kabeba samaki, mtu kabeba kitanda. Watu wananiambia baiskeli inakwenda utaifokasije kwa mkono? Sifokasi baiskeli. Natega. Kama dema la samaki, we unaliweka pale unapojua samaki atapita, humkimbizi samaki baharini. Natafuta mahali penye mwanga na ukuta mzuri, naangalia barabarani kitu chochote, ufa wa lami, kifuniko cha chemba, naweka fokasi pale mita 5, apacha f/8, na kwa kropu hapo kila kitu kuanzia mita 4 mpaka 6 na nusu kiko shapu. Jua la Tanga la saa nne asubuhi aiso 200 (wepesi wa sensa kushika mwanga) unapata shata ya 1/800 ya sekunde bila wasiwasi, baiskeli inaganda mpaka spoku unazihesabu. Nasimama. Baiskeli ikigusa ufa, nabonyeza. Otofokasi ya 700D pale ilikuwa inashika ukuta, au inashika kikapu, au inaenda mbele inarudi nyuma baiskeli imeshapita, mwenyewe yuko msikitini. Dema halina hiyo shida.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba ukitega unakaa sehemu moja muda mrefu, dakika arobaini, saa nzima, na watu wanakuzoea. Pale Deep Sea kwa wavuvi nilikuwa nikienda na lenzi ya kuvuta nakimbia kimbia, watu wanakunja sura, wengine wanataka hela. Nikikaa kwenye ngazi na hii kitu nyeusi ndogo nimeweka fokasi kwenye ukingo wa ngalawa, baada ya muda nakuwa kama mtu anayesubiri samaki tu, na mzee mmoja akawa ananiuliza kila siku hujapata tu? Nikimwambia bado anasema kesho upepo utageuka. Zile picha za wanaoshusha madumu, zile mlizozipenda, zote ni za kukaa. Sikuwa najua kwamba shida ya picha zangu za zamani ilikuwa miguu.

Baadae nikauza 700D nikachukua Sony a6000 ya mkononi, na hapa maisha yakawa rahisi zaidi. Kwenye menyu kuna sehemu unaiambia kamera ikubali kupiga hata kama haioni lenzi, bila hiyo itakugomea, watu wengi wanadhani adapta mbovu. Afu kuna ule msaada wa kuonyesha kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi kwa rangi, mi naweka nyekundu, unaona wekundu unatembea juu ya uso wa mtu unavozungusha ringi. Ni tamu ila usiuamini mzima mzima. Unapenda vitu vyenye mistari, kanga zenye maua, ndevu, nyavu, hivo vinawaka hata kama viko nje kidogo. Kwenye f/2 naangalia wekundu ili nijue niko mtaa gani, afu nakuza picha ili nijue nyumba gani.

Na zile alama zilizochongwa kwenye lenzi pande mbili za mshale, za kuonyesha kutoka umbali huu mpaka huu kutakuwa shapu, zilipigiwa hesabu ya filamu. Kwa sensa ya kropu zinakudanganya kidogo, mi nikipiga f/8 nasoma alama za f/5.6. Nilijifunza hiyo kwa uchungu, sirudii hadithi.

Mwaka jana nikaongeza moja mpya ya Kichina, TTArtisan milimita 25 f/2, nayo ya mkono tupu. Hiyo kwa mtaani ni uvivu mtakatifu, f/8 ukiiweka mita 4 basi kuanzia mita 2, pima moja na kidogo, mpaka mawinguni kila kitu shapu, hugusi ringi siku nzima. Wachina siku hizi wanatoa lenzi za hivi nyingi kwa bei ambayo lenzi ya otofokasi hupati hata mfuniko. Sio zote nzuri. Nyingine pembeni mbovu kweli.

Sa ukiamua kutafuta za zamani, nikupe hii moja tu na uishike, sisi tunakaa pwani. Fangasi. Lenzi ya mjomba nilivoifungua mara ya kwanza nikaielekezea tochi ya simu kwa nyuma nikaona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Unyevu wa Tanga na giza la kabati na ule mkoba wa ngozi, ngozi inatunza unyevu kama sponji, fangasi alikuwa hotelini. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Dar simtaji, akaisafisha kweli, nyuzi zikaisha, lakini picha zikatoka katikati sawa pembeni zimeyeyuka kama siagi kwenye kikaango. Nikahangaika wiki tatu. Kumbe kioo cha mbele kakirudisha kinyume. Helios ile ringi yenye jina inatoka kwa kuizungusha tu na kitu cha mpira, nikakigeuza mwenyewe kikakaa sawa, na cha kuchekesha kuna watu huko duniani wanakigeuza makusudi ili wapate huo myeyuko. Kwa hiyo yangu ilikuwa sanaa ya bure nikairudisha. Siku hizi nazikalisha kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na silika jeli kwa wingi, zikilowa unabadilisha au unazikausha, na kila wiki natoka nazo zipate hewa. Mkoba wa ngozi nimemrudishia mjomba anawekea tasbihi.

Kabla hujanunua ya mtu washa tochi upitishe nyuma angalia hizo nyuzi, angalia mabati ya apacha kama yana mafuta, zungusha ringi ya fokasi, ikiwa nzito sana grisi imekauka, hiyo inatengenezeka, ikiwa inatoa sauti ya mchanga iache hapo hapo.

Na jamani sijasema muuze lenzi zenu. Harusi napiga na otofokasi, tena ile inayoshika jicho, sina ushujaa tena wa hereni. Watoto wanaokimbia, mpira, maharusi wanaoingia ukumbini taa zimezimwa, hayo mambo mashine inayaweza kunizidi na mtu kanilipa. Helios ni ya siku zangu. Ila hata huko kwenye harusi nimebadilika, naingia ukumbini najua tayari kutoka meza kuu mpaka nitakaposimama ni pima ngapi, na jamaa yangu siku hizi ananiachia za karibu nipige mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga tena. Mjomba akaniambia, "Na mimi nipige, miaka yote nimepiga watu, sina picha yangu ya maana." Akavaa kofia yake ya viua, akakaa kwenye kiti barazani, mikono yote juu ya bakora mbele yake, nikapima, pima moja, f/2, nikapiga. Nikampelekea kamera, akaisogeza puani kama kawaida yake na macho yake yale, akakaa muda mrefu, nikajua kaisifu. Akasema, "Umepiga bakora." Nikakuza, kweli, vidole na bakora shapu kabisa, uso umelainika kama upo nyuma ya chandarua. "Umepungukiwa shibiri moja na nusu. We umepima mpaka kwenye mkono wangu, picha ya mtu inapimwa mpaka kwenye jicho."

Nikarudi kiti changu, nikazungusha ringi kidogo, nikainua. Akanyoosha kidole kunisimamisha, adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Akainuka na bakora yake, akaniambia niache kiti hapo hapo kisisogezwe, akirudi mwanga utakuwa umeshuka vizuri zaidi. Nikachora alama na chaki kwenye sakafu, miguu minne ya kiti, na mahali nilipokuwa nimekaa mimi.